Gari la Sita

"Nitoeni humu ndani kabla sijawatia umaskini," alisema Mizelli Penfold, na wala hakuwa anatania.

"Mama, tulia. Kunywa chai kwanza," Vashti, mke wa mwanawe, alimwambia.

"Chai nitainywa huko nje. Nikifia humu mtalala wapi, wewe na watoto wako? Juu ya mti?"

Alisema kweli, na Vashti alijua. Kwetu sisi watu wa barabarani, mtu akifa, kila alichofia ndani yake kinachomwa moto baada ya mazishi: kitanda, mapazia, hata nyumba yenyewe ya magurudumu. Hukiuzi, hukirithi, wala humpi jirani. Mzee Penfold alipofariki, karavani yake ilichomwa ikiwa bado inang'aa, na watu wa kijiji cha Cold Yarrow walisimama ukutani wakisema tumerukwa na akili. Sasa Hezekiah, mwana wa kwanza, alikuwa na karavani moja tu ya kulaza mkewe na watoto, na mama mtu hakutaka iende na moto kwa ajili yake.

Basi Hezekiah alikata fito, akazipinda, akatupia turubai juu, akatandika nyasi kavu na godoro la manyoya. Hema lilisimama kando ya ua wa miti kwenye Njia ya Kondoo, njia pana ya nyasi ambayo zamani wachungaji walipitishia mifugo kutoka Welisi. Mizelli alizaliwa katika njia hiyo hiyo, ndani ya hema kama hilo. Walimbeba wakamlaza, akaangalia turubai juu yake, akacheka kidogo.

"Haya, hapa sawa," alisema. "Hapa nitawagharimu turubai tu."

Konstebo Pugh alifika kesho yake asubuhi kwa miguu, kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa polisi wa pale kijijini kwa miaka mingi, anatujua kwa majina, na wakati wa kuchuma tufaha alikuwa akija kunywa chai kwetu na kulalamika juu ya goti lake.

"Mgonjwa anaendeleaje, Hezi?"

"Anapumua, afande. Tunashukuru."

"Nisikilize basi, ndugu yangu. Wakubwa wangu wamechachamaa. Unajua mambo ya mwaka jana kule kilimani."

Nani asiyejua? Kiangazi kilichopita vijana wa muziki walishuka na mabasi yao yaliyopakwa rangi, bila kibali cha mtu, wakapiga ngoma zao kilimani juma zima. Mbwa wao waliwakimbiza kondoo, mageti ya wakulima yakawa kuni, na mavi yakajaa kisimani. Safari hii ilisemekana wanarudi. Wakulima walikuwa wamechimba mitaro na kulaza magogo kwenye kila mlango wa shamba, na polisi waliletwa kutoka kaunti za mbali kuziba njia panda. Sisi hatukuwa na habari na ngoma zile, lakini mtu wa nyumba, asiyehama kama sisi, akiona magurudumu haulizi ni ya nani.

"Kuna sheria mpya," Pugh aliendelea. "Magari yakifika sita kwenye ardhi isiyo yenu, tunaruhusiwa kuwaondoa na kuyakokota."

"Na karavani ni gari?"

"Karavani ni gari. Chochote chenye magurudumu."

"Hata kigari cha mtoto?"

"Hezi, sitanii. Yakiwa matano, mimi sijakuona. Mama atakaa hapa mpaka Mungu amchukue. Yakiwa sita, watakuja wengine wasiokujua, na mimi sitakuwa na la kusema."

"Mimi si mtu wa ngoma, afande. Ngoma yangu ni redio ya mama, nayo imekufa betri."

"Najua. Ila sheria haiulizi nani anaumwa."

Hezekiah alifikiri kidogo, kisha akatema mate kiganjani, akanyoosha mkono. Pugh akaupokea, akaupiga, akaaga. Kwake ilikuwa kuagana tu. Kwetu mkono ukishapigwa namna ile umenunua farasi, na hata ukigundua jioni kwamba ni kipofu, humrudishi. Ndivyo baba yake Hezekiah alivyoishi na ndivyo alivyomfundisha.

Tangu saa ile Hezekiah aligeuza ndoo, akaikalia pale njia ya nyasi inapokutana na lami, na akawa mlinzi.

Ndugu nao wakaanza kuja, maana kwetu mtu akiwa mahututi hualikwi. Usipokwenda utasemwa mpaka wajukuu wako wasemwe. Dada yao Genti alifika na mumewe, gari na karavani. Mjomba Nelson akaja na pikapu yake inayokohoa kuliko mgonjwa. Ukichanganya na lori la vyuma chakavu la Hezekiah na karavani yake, yakatimia matano. Binamu waliokuja baadaye walirudishwa pale pale kwenye ndoo. Walinung'unika, wakaelewa, wakaenda kusubiri mbali.

Lakini aliyekuwa akisubiriwa ndani ya hema hakuwa binamu. Alikuwa Leander, kitinda mimba.

"Genti, ulimpigia?" Mizelli aliuliza.

"Nilimpigia, mama. Yuko kaskazini, anakuja."

"Mimi nilishamsamehe zamani. Mke wake alikuwa anajifungua na hawana hata mkate. Mnadhani sikujua?"

"Tumwambie hivyo akija?" Vashti aliuliza, akimfuta jasho.

"Hapana. Msimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe. Maneno mengine hayatumwi."

Habari yenyewe ilikuwa ya farasi. Mzee alipokufa aliacha jike lenye mabaka, na farasi wa marehemu hauzwi na wanawe kwa faida. Leander alimwuza kwa mtu wa nyumba, mnadani, mbele za watu. Tangu siku hiyo Hezekiah hakumtamka mdogo wake kwa jina, alimwita "yule mfanyabiashara".

Leander alifika asubuhi na gari lake la bluu, lile analolala ndani yake na kufanyia kazi za kuezeka mapaa. Alikuwa ameendesha usiku kucha. Alisimama mbele ya ndoo, akashusha kioo.

"Kaka."

"Leander."

"Mama?"

"Yupo. Anakuulizia."

"Asante Mungu. Sogea basi nipite."

"Gari haliingii."

Leander alimtazama kama hakusikia. "Unasemaje?"

"Yameshafika matano. La sita wanatuondoa wote na mama juu. Nimepeana mkono na polisi."

"Umepeana mkono na polisi!" Leander alicheka, kicheko kibaya. "Baba angefufuka aje akusikie."

"Baba usimtaje! Wewe uliyemwuza farasi wake kabla udongo haujakauka, umtaje kwa mdomo upi?"

Kumbe hapo ndipo palipokuwa panauma. Vashti alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, kitambaa cha kichwani kimeteleza. Alikuwa amesikia yote.

"Hezi, toa lori. Lipeleke kwa mnunuzi wa vyuma sasa hivi, si mbali. Leander aingie, ukirudi tutajua la kufanya."

"Mzigo haujatimia. Nitapoteza mafuta bure."

"Mafuta? Mama yako anakata roho, wewe unanihesabia mafuta?"

"Vashti, nimeshasema. Aliache huko barabarani, aje kwa miguu. Miguu si anayo?"

Nasema ukweli, na ndugu wote waliokuwepo watakwambia hivyo hivyo: lori lile lilikuwa limejaa mpaka juu. Hata jiko moja la kizamani lilikuwa limefungwa kwa kamba nje ya bodi. Hezekiah aliiogopa sheria, hilo sikatai. Lakini alikuwa na hasira ya miaka, na yule polisi alikuwa amempa fimbo nzuri ya kumchapia mdogo wake bila yeye kuonekana mchapaji.

"Kwa miguu," alisema Leander.

"Kwa miguu."

"Haya, kaka. Nitakuja kwa miguu."

Akarudisha gari kinyumenyume. Vashti alibaki amesimama barabarani, akapangusa unga kwenye aproni, asimwangalie mumewe.

Mtu wa nyumba atauliza, kuacha gari ni kazi gani? Ajaribu siku moja akiwa na sura yetu.

Leander alianzia baa ya Cold Yarrow, yenye uwanja mpana mtupu. Mlangoni palikuwa na kibao: wasafiri hawahudumiwi. Alivua kofia akaingia hivyo hivyo.

"Sitaki kinywaji, mzee. Naomba niache gari hapo nje kidogo. Mama yangu yuko mahututi hapo Njia ya Kondoo."

"Pole sana," alisema mwenye baa, akiendelea kupangusa glasi. "Mwaka jana mmoja alikuja na hadithi ya bibi yake mgonjwa. Nilipotoka nje nikakuta mabasi na spika kubwa kama kabati."

"Mimi si wa hao."

"Wote mnasema hivyo, kijana."

Kwenye kituo cha mafuta alijaza tangi lote ingawa halikuwa tupu, akidhani anayenunua atasikilizwa. Msichana alipokea noti, akazihakiki kwenye mwanga moja moja, akazitia kwenye droo ndipo akasema samahani, bosi hataki magari yalale pale. Chenji aliiweka juu ya kaunta, hakuitia mkononi mwake. Kila mlango wa shamba ulikuwa na gogo au mtaro. Maegesho ya mjini yalikuwa na chuma kimelazwa juu ya lango, kimo cha gari dogo la mtu wa nyumba, na gari la Leander likagonga paa.

Njia panda askari kijana aliyeletwa kutoka mbali alimpungia mkono apite.

"Afande, nisaidie. Niliache hapa kando tu, dakika chache. Mama yangu..."

"Endelea, bwana. Hakuna kusimama hapa."

"Sasa nisimame wapi?"

"Si hapa."

Alizunguka hivyo mpaka jua likapita utosini. Gari lile lilikuwa nyumba yake, na ngazi na nyundo zake zote zilikuwa ndani, ndiyo maana alisita. Mwishowe alilisukumia kwenye nyasi karibu na daraja, akijua kabisa watalikokota. Akafunga mlango, akaanza kutembea. Alipofikiria sauti ya mama yake akaanza kukimbia.

Ndani ya hema Mizelli alikuwa amelala kimya, lakini masikio yalikuwa macho. Kila injini ikipita barabarani aliinua kidole.

"Nani huyo?"

"Trekta, mama," Genti alimjibu.

Hezekiah aliitwa aingie. Alipiga magoti kwenye nyasi, akashika mkono wa mama yake uliokuwa mwepesi na wenye baridi.

"Hezi, mdogo wako hajaja?"

"Yuko njiani, mama."

"Asubuhi nilisikia injini. Nikasikia na sauti yake." Alipumzika, akavuta pumzi. "Nikasema anaingia sasa. Hakuingia."

Vashti, aliyekuwa mlangoni mwa hema, alimtazama mumewe. Hezekiah alifungua mdomo. Angeweza kusema. Angeweza hata wakati ule kuruka ndani ya lori, akamfuata Leander barabarani, akamleta. Hakusema, aliona aibu.

"Basi nilikuwa naota," alisema Mizelli, kama anayemsaidia mwanawe.

Baada ya hapo hakuuliza tena. Aliomba maji, akayaonja tu. Maziwa ya jioni hayajachemka, akawa ameondoka.

Leander alitokea huku anatweta, tope mpaka magotini, maana alikata mashambani na kuvuka mitaro ya wakulima. Aliona wanaume wamesimama kofia mkononi. Alipunguza mwendo, akaja hatua kwa hatua mpaka kwenye hema, akachungulia, akaketi chini pale pale nje kwenye majani kama mtu aliyeambiwa akae.

"Nimekuja kwa miguu, mama," alisema.

Hapo Vashti alilia kwa sauti.

Kwetu maiti haachwi peke yake wala gizani mpaka azikwe. Moto uliwashwa mbele ya hema, ndugu wakakaa kuuzunguka kwa zamu, wakinywa chai na kusimulia vituko vya marehemu. Leander aliketi upande huu, Hezekiah upande ule, moshi katikati. Gari la Leander lilikuwa limeshakokotwa, na ili alitoe alitakiwa alipe faini asiyokuwa nayo.

Kesho yake Pugh aliuona moshi, akaja. Alivua kofia, akatoa pole kwa kila mmoja, akapewa chai.

"Mimi nilitimiza neno langu, afande," Hezekiah alimwambia. Alikuwa na macho mekundu. "Hayakuzidi matano. Hata mdogo wangu nilimrudisha."

"Ulimrudisha nani?"

"Leander. Tulipeana mkono, mimi na wewe."

Pugh aliangalia kiganja chake mwenyewe. Ilionekana wazi kwamba hakumbuki.

"Hezi... mimi nilikuwa nakuaga tu. Na hukusikia? Wale vijana hawakuja. Waliingia kaunti nyingine kabisa. Ukiacha wale wa njia panda, sisi wote tulishinda upande wa pili wa kilima tukilinda majani, hakuna hata askari mmoja aliyepangiwa njia hii. Ungeweka hapa magari ishirini, hakuna ambaye angeyahesabu."

Mjomba Nelson alikohoa, akaacha.

"Ningepita kukwambia," Pugh alisema, sasa anamwambia Vashti. "Nilisema nitapita, nikachoka, goti likawa linauma. Nisameheni." Akaweka kikombe chini bila kukimaliza, akaondoka. Huyo naye najua lilimkaa moyoni, maana hakuja tena kunywa chai kwetu.

"Alinidanganya," alisema Hezekiah.

"Nani kakudanganya?" Vashti alimgeukia. Hakupandisha sauti. "Polisi hakuwepo, Hezi. Aliyekuwepo pale kwenye ndoo ni wewe."

Hezekiah aliinuka, akauzunguka moto, akachuchumaa mbele ya mdogo wake.

"Leander. Mama alishakusamehe yale ya farasi. Tangu zamani. Alijua mlikuwa na njaa."

Leander aliinua macho. "Alisema niambiwe?"

Hezekiah angeweza kudanganya, na pengine uongo ule Mungu angeupuuza. Lakini alikuwa amechoka.

"Hapana. Alisema atakwambia mwenyewe. Alisema maneno mengine hayatumwi."

"Basi mbona unayaleta?"

Akageuza uso kwenye moto, na hapo mazungumzo yao yakaisha.

Siku ya mazishi magari yalikuja kutoka kila upande. Yalijaa Njia ya Kondoo, yakajaa kando ya barabara mpaka kanisani, malori, karavani, pikapu, hata magari ya kifahari ya ndugu waliotajirika kwa kazi ya kutandika lami. Njia panda askari walisimamisha magari ya wengine ili sisi tupite, na yule kijana aliyesema "si hapa" alivua kofia yake, akainamisha kichwa. Mwenye baa alikuwa amefungua uwanja wake kwa heshima ya marehemu. Mtu ukitaka kuheshimiwa na watu wa nyumba, inabidi kwanza ufe.

Hezekiah alikuwa ameshusha vyuma vyote kutoka kwenye lori. Alilisugua mpaka kutu ikatoka, akatandika zulia jekundu, na jeneza la mama yake likawekwa juu, limefunikwa maua. Mwana wa kwanza ndiye anayeendesha, na mdogo hukaa pembeni yake. Hezekiah alifungua mlango wa upande wa pili, akaushikilia.

"Panda, mdogo wangu. Nafasi yako hii."

Watu walisubiri. Genti alimgusa Leander mgongoni, akamsukuma taratibu. Leander alikuwa amevaa suti ya kuazima, fupi mikononi. Aliutazama mlango ulio wazi, akamtazama kaka yake, na hakukuwa na hasira usoni mwake, ingekuwa heri ingekuwepo.

"Asante, kaka. Mimi kwa mama naenda kwa miguu."

Hezekiah aliufunga mlango. Alipanda, akawasha lori, akaliondoa pole pole. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Leander nyuma ya jeneza, katikati ya barabara, kofia kifuani. Nyuma ya Leander magari yote ya ukoo yalikuwa yanatambaa kwa mwendo wake, na hakuna hata moja lililompita.